Kitanda Namba 6 Amezidiwa

Nilikuwa na ramani nne kabla sijawa na sentensi hata moja. Ya kwanza niliichora nyuma ya kalenda iliyokwisha mwaka wake. Ya nne ilikuwa kwenye karatasi kubwa ya wapima ardhi, ina skeli, mikondo ya bahari, na mishale ya kuonyesha upepo unavuma kutoka wapi katika msimu gani. Pembeni nilikuwa na daftari la lugha ya watu wa nchi ile niliyoibuni, maneno 900 na ushee, na orodha ya wafalme 22: nani alimrithi nani, nani alimtilia nani sumu. Hayo yalinichukua miaka mitatu. Mtu akiniuliza, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba naandika riwaya, ila kazi hainipi nafasi.

Kazi yenyewe ni ya maabara ya hospitali. Napima damu, mkojo, makohozi na chochote kingine ambacho mwili umekubali kukitoa. Tunakwenda kwa zamu: siku mbili asubuhi, mbili jioni, mbili usiku, kisha mbili za mapumziko, halafu gurudumu linaanza upya. Nilikuwa naiona kazi hii kama jirani mwenye redio kubwa, mtu unayemvumilia mpaka azime ndipo uendelee na maisha yako.

Usiku mmoja, saa tisa kasoro, simu ya ndani ililia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, anahema.

"Maabara? Kitanda namba 6 amezidiwa. Anatakiwa damu sasa hivi, naja na sampuli."

Nilipokea sampuli, nikapima kundi, nikatoa chupa kwenye jokofu la damu, lile ambalo halitakiwi kushuka chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya 6. Nikalinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa, nikasubiri kuona kama chembe zitashikamana. Hazikushikamana. Chupa ikaondoka mbio. Baada ya hapo pakawa kimya, ule ukimya wa maabara ya usiku ambamo unasikia jokofu tu, na ndipo masikio yangu yakarudia alichosema yule dada.

Kitanda amezidiwa.

Mwalimu wangu wa sarufi angeng'aka. Lakini hakuna mtu hospitalini anayesema kitanda "kimezidiwa". Sentensi za namna hiyo nimezisikia tangu siku ya kwanza kazini: kitanda namba 3 amekataa dawa, kitanda namba 11 anaomba maji, kitanda namba 8 ameruhusiwa. Jina la mgonjwa halipo, sura haipo, kilichobaki ni chuma na godoro. Kisha inakuja herufi moja, hiyo *a* mbele ya kitenzi, inamrudisha mtu pale kitandani.

Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika: *Jiwe ameanguka.* Nikakitazama. Chini yake nikaongeza: *Mlango amekataa. Mto amesimama.* Nywele za mkono zilinisimama, na haikuwa baridi ya kiyoyozi.

Ile nchi yenye ramani nne ilikufa usiku huo, pamoja na wafalme wake wote. Sikuisikitikia sana. Ilikuwa imejaa majumba ya mawe yenye minara na misitu ya misonobari niliyoiokota katika vitabu vya watu wengine, na majina yenye herufi ambazo hata mimi niliyeyabuni nilikuwa nayatamka tofauti kila siku. Nchi mpya haikuwa na ramani. Ilikuwa na kanuni moja: vitu vyote huzaliwa vitu, lakini baadhi huamka. Kitu kikiamka, watu humpa *a*. Hakuna alama nyingine. Jiwe lililoamka halina macho wala mdomo, linabaki jiwe vilevile, ila mtu akipita anawaambia wengine, "Huyu ameamka," na kuanzia hapo kusema "jiwe limeanguka" mbele yake ni tusi. Unaona hata mimi hapa nimemwita "lililoamka". Nchini kwake ningetozwa faini.

Na Kiswahili kilikuwa kimeshanijengea nusu ya nyumba. Kiboko ana *ki* mwanzoni mwa jina lake lakini tunasema kiboko amelala, kwa sababu anapumua. Upande wa pili, tukitaka kumvua mtu utu wake hatuhitaji rungu: "kizee kimekuja", "jitu limekaa mlangoni". Kila mtoto anayekua na lugha hii anaujua uchawi huo kabla hajajua kufunga viatu. Mimi nilikuwa nimekwenda kubuni lugha ya maneno 900 wakati ile niliyonyonya ilikuwa na ngeli ambazo ni hirizi tupu.

Msichana wa hadithi nikamwita Sikitu. Ni jina la kawaida, lakini lisome polepole.

*

Baada ya usiku ule sikuweza tena kusema kazi inaniibia riwaya, maana riwaya ilitoka kwenye mdomo wa muuguzi wa zamu. Ila wazo likishapatikana, kurasa bado zinadai saa, na saa ndizo sikuwa nazo.

Ushauri wa kawaida ni kuandika kila siku, saa ileile. Mfano unaotajwa sana ni Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa afisa wa posta kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake ameiweka mbele, anajidai maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Nilijaribu. Siku za zamu ya asubuhi zilikwenda vizuri hata nikajiona nimepona. Zikaja za usiku. Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama mbele ya foleni ya sampuli, na Trollope, kwa heshima zote, hakuwahi kupokea sampuli 14 kwa mkupuo baada ya ajali ya barabarani.

Nikamjaribu Octavia Butler, Mmarekani aliyeandika kwa miaka huku akifanya vibarua: kuosha vyombo, kuuza vitu kwa simu, hata kukagua vipande vya viazi vya kukaanga kiwandani. Aliamka saa nane usiku kuandika kabla ya kibarua. Nikadumu siku nne. Siku ya tano nilipanda basi la kwenda kazini nikashtuka mwisho wa njia, kondakta ananigusa bega.

Kilichonifaa ni kuacha kuhesabu kwa siku. Siku yangu si ya saa 24, ni ya siku nane, mzunguko mzima wa zamu. Nikachukua ratiba ya maabara nikajiwekea deni juu yake: siku za zamu ya asubuhi, ukurasa mmoja mmoja jioni, siku za zamu ya jioni, kurasa mbili mbili asubuhi, kichwa kikiwa kitupu, siku za usiku, sifuri, na sifuri hiyo haina lawama, mapumziko ya kwanza ni ya kulala, ya pili ukurasa mmoja. Jumla kurasa saba kwa mzunguko. Ile sifuri ndiyo iliyoniokoa. Zamani nilikuwa nikitoka zamu ya usiku bila kuandika najiona mvivu, na mtu anayejiona mvivu siku mbili anaona aibu kulishika daftari siku ya tatu. Sasa nilikuwa natoka nikiwa sidaiwi.

Rasimu ya kwanza ilimalizika katika mzunguko wa 38. Kurasa 240 za mkono. Mizunguko kadhaa ilipita mitupu kabisa: mmoja wa msiba, mmoja wa mtoto kuumwa, mmoja ambao hadi leo sijui ulikwenda wapi.

Niseme pia jambo dogo kuhusu maneno 500 kwa siku, 1,000 kwa siku, na hesabu nyingine za aina hiyo. Vipimo hivyo vilitoka kwa watu wa lugha nyingine. Kwetu "hatukumwandikia" ni neno moja, na ndani yake kuna sisi, kuna yeye, wakati uliopita, kukanusha na barua isiyoandikwa. Ukihesabu maneno kwa kipimo cha jirani utajiona umeandika kidogo kila siku. Hesabu kurasa, au hesabu matukio. Mimi nilihesabu kurasa kwa sababu daftari lina kingo.

Kuna watu wawili niliokuwa nawakumbuka nikichoka. Nchi ya Kusadikika, iliyo angani, naijua tangu nikiwa mtoto. Kitabu kilitoka 1951. Ila nilichelewa sana kujiuliza aliyekitunga alikuwa anashinda wapi mchana. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, kisha akahamishiwa idara nyingine, mtumishi wa serikali miaka nenda rudi. Ofisi za forodha zina majedwali, mihuri na mizigo ya watu wengine. Yeye akitoka hapo anakwenda kujenga nchi hewani. Wa pili ni Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye kitabu chake cha kwanza kilichojaa mizimu na viumbe vya porini kilichapishwa London mwaka 1952 wakati yeye ni tarishi wa Idara ya Kazi mjini Lagos. Tarishi! Anabeba bahasha kutoka meza hii kwenda ile. Sidhani kama bahasha zilimzuia. Nadhani mtu anayefungua milango mingi kwa siku anajua kitu kuhusu milango.

*

Sasa lile ambalo sikulisimulia kwa mtu kwa muda mrefu.

Slaidi ya malaria, kile kioo chembamba chenye tone la damu ya mgonjwa, ikiwekwa kwenye rangi ya Giemsa ya asilimia 3 ili vimelea vionekane, inakaa dakika 45. Ukitumia ya asilimia 10 ni dakika 10 tu, lakini slaidi zikiwa nyingi na hakuna haraka, ile ya taratibu inatoka safi zaidi. Dakika 45. Unaweza kufikiria mwandishi mwenye daftari mfukoni anazionaje dakika 45 za kusubiri rangi. Nilianza kuandika pale pale mezani, kiwiko cha kushoto karibu na chano cha slaidi.

Kwenye ncha ya kila slaidi kuna sehemu iliyokwaruzwa ambayo tunaandika namba ya mgonjwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye methanoli. Penseli ile ile ndiyo niliyokuwa nikiandikia riwaya. Usiku huo nilikuwa katikati ya sura ambayo mama yake Sikitu anakamatwa. Zikaletwa slaidi tano, nikaziandika namba, nikaweka matone, nikaendelea. Kulipokuwa kunakucha nikaketi kwenye hadubini kuzisoma. Ya kwanza, namba ipo. Ya pili, ipo. Ya nne ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, *Sikitu*.

Ungeweza kusema iliyobaki bila namba ndiyo hiyo, hesabu ni rahisi. Maabara haiendi kwa "iliyobaki". Slaidi isiyo na namba haina mwenyewe, inatupwa, mgonjwa anatobolewa upya. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ndiyo kwanza amelala. Nilikwenda mwenyewe wodini.

"Daktari, si mmeshamtoboa?" mama yake aliniuliza. Sisi wa maabara si madaktari, lakini hiyo haikuwa saa ya kusahihishana vyeo.

"Tumemtoboa, mama. Kosa ni langu, sikuandika namba yake. Naomba unisamehe, naomba nimtoboe tena."

Aliniangalia muda mrefu kidogo. Kisha akakishika kidole cha mtoto akanipa, yeye mwenyewe akaangalia pembeni.

Tangu siku hiyo daftari halivuki mlango wa maabara. Linakaa kwenye kabati la nguo, limefungwa kwa kufuli. Wapo wanaojisifu kwamba waliandika vitabu vizima kwa siri katika muda wa mwajiri, na pengine kazi zao zinaruhusu. Yangu ina watu upande wa pili wa kioo. Cha ajabu, sura zilizokuja baada ya hapo zilikuwa bora. Nilikuwa natembea na sentensi kichwani zamu nzima bila ruhusa ya kuiandika, na nikifika nyumbani ile iliyokuwa dhaifu imeshajifia njiani.

Sura ya kukamatwa niliichoma na kuiandika upya. Mwanzoni askari walikuwa wanapiga makelele, kuna minyororo, kuna mvua, kila kitu. Ilipokuja mara ya pili ilikuwa fupi mno. Mfalme ametoa amri kwamba wafungwa wasipewe *a*. Mama yake Sikitu anasukumwa ndani ya ukumbi. Karani haoni haja hata ya kuinua uso. Askari anasema neno moja: "Kimeletwa." Karani anaandika. Basi.

Nilipoliandika hilo neno niliinuka nikaenda kunywa maji. Nilikuwa nimemwona yule mama wa wodini.

*

Kusahihisha nilikufanya kimaabara, sikujua njia nyingine. Kwetu huruhusiwi kuandika "hakuna vimelea" kwa sababu umechungulia mara mbili tatu hukuona kitu. Unatakiwa upite sehemu 100 za slaidi kwa lenzi kubwa yenye mafuta ndipo useme hakuna. Kuna wakati kimelea kinajitokeza kwenye sehemu ya 70 na kitu, umeshachoka, shingo inauma, umeshaamua moyoni kwamba hakuna. Kwa hiyo nilipitia muswada wote nikitafuta kitu kimoja tu: kila kiumbe, kila jiwe, kila mlango, je, kipewe *a* au la, na nani alikuwa wa kwanza kumpa. Nilichora jedwali kama la rejista yetu: jina la kitu, ukurasa alipoamka, shahidi. Kuna ndoo iliyoamka ukurasa wa 52, ikalala tena 67 bila sababu, ikaamka 90. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba ndoo ile haikuwa na kosa.

Wasomaji pia niliwapanga hivyo. Katika upimaji wa uhakika, slaidi moja husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake ameona nini; wakipishana, anaitwa wa tatu. Niliwapa muswada watu wawili wasiofahamiana. Wote wawili walisema mwisho unaharakisha, nikaurekebisha bila kubisha. Walipishana kuhusu baba yake Sikitu: mmoja alimpenda, mwingine alisema ni mzigo. Wa tatu alikuwa mume wangu, ambaye hadi wakati huo hakuwa amesoma hata mstari. Alisoma siku tatu. Akasema baba ni mzigo, lakini mzigo wa kweli, mwache. Nikamwacha.

Nilipeleka kwa wachapishaji watatu. Wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu baada ya miezi saba, akasema wanaichukua, na nikalia jikoni kama mtu aliyefiwa. Miezi mingine minne ikapita, ukaja muswada uliohaririwa.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. *Jiwe limeanguka.*

Wa pili. *Mlango umekataa.* Wa tatu. *Mto umesimama.* Mhariri alikuwa ameupitia muswada wote kwa uangalifu mkubwa na kusahihisha upatanisho mahali 214, nilihesabu, na pembeni mwa ukurasa wa nane akaandika kwa wino mwekundu: "Mwandishi azingatie ngeli!" Vitu vyote vilikuwa vimelala tena. Nchi nzima imeuawa kwa kalamu moja, tena kwa nia njema. Na kule kwenye sura ya kukamatwa, askari alikuwa anasema "Ameletwa", mama amerudishiwa utu wake na mtu ambaye hakujua kwamba alinyang'anywa.

Nilipiga simu nikiwa nimekasirika. Nashukuru ilipokelewa baada ya kuita mara nyingi, hasira ikawa imepungua.

"Kwani ulikusudia?" aliuliza.

"Kote, kaka. Mara zote 214."

Kimya. Kisha akasema, polepole, "Basi tatizo ni kwamba mimi nimesoma kurasa 30 bila kuambiwa."

Alikuwa na haki. Kanuni ya nchi nilikuwa nimeieleza ukurasa wa 31, kwa sababu yule mchora ramani ndani yangu bado alikuwa hai, bado alitaka msomaji astaajabu kwanza ndipo aelezwe. Msomaji hastaajabu, anadhani hujui sarufi. Kwenye riwaya ya mambo ya kawaida unaweza kumficha muuaji mpaka mwisho. Kwenye nchi ya kubuni, kanuni inayoibeba nchi haifichiki hivyo. Ikichelewa, kila ajabu inasomeka kama kosa la chapa.

Niliandika ukurasa wa kwanza mpya katika mzunguko mmoja, kurasa saba zote nikazitupa ikabaki moja. Usiku, mtoto anamwambia mama yake, "Mlango umefungwa." Mama anamziba mdomo kwa kiganja. Anageuka kuelekea mlangoni, anainama kidogo, anasema, "Msamehe, ni mtoto." Ndipo anamnong'oneza Sikitu sikioni: "Huyu *amefungwa*. Sema." Mhariri aliporudishiwa alirejesha *a* zote kwa mkono wake mwenyewe. Akanipigia simu kuuliza kuhusu dirisha la ukurasa wa 118, kama nalo ni mtu. Nikafungua jedwali. Bado, nikamwambia, huamka 121.

Kuhusu fedha nitasema haraka. Mkataba wangu ni asilimia 10 ya bei ya kitabu, na mrabaha wa mwaka wa kwanza wote haukufika mshahara wangu wa mwezi mmoja. Terry Pratchett, mwandishi wa nchi za kubuni aliyekuja kuuza mamilioni ya nakala, alikuwa afisa habari wa bodi ya umeme Uingereza. Vitabu vyake vya Discworld vilianza kutoka 1983 na kazi aliiacha 1987 tu. Watu huniuliza lini na mimi nitaacha. Sina mpango. Sehemu ya sababu ni hesabu niliyokwisha kuitaja. Sehemu nyingine ni kwamba sijui kama ningesikia chochote nikikaa nyumbani.

Kitabu kimoja nilikiacha kwenye rafu ya chumba cha chai, katikati ya majarida ya zamani ya vifaa vya maabara, bila kusema kitu. Kilikaa pale miezi. Siku moja nikaona hakipo, nikadhani kimetumika kuzuia mlango.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya asubuhi na kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni, mtu wa maneno machache. Mashine ya kuzungushia damu ilikuwa imegoma tangu alfajiri, fundi ameitwa hajatokea, sampuli zinarundikana. Kijana alibonyeza kitufe, akasubiri, akabonyeza tena. Akaweka kiganja juu ya kifuniko kama anayempima mtu homa.

"Dada," akasema bila kugeuka, "huyu amechoka."

Nilimwambia amwache apumzike kwanza, tutumie ile ya chumba cha pili.